Sotoka ya kondoo: kirusi kinachoanza kuwamaliza askari

Wadau, hivi umeshawahi kuona mwanakondoo anapigwa sindano ya antibayotiki leo, kesho na keshokutwa, halafu bado anakufa? Wengi tunasema dawa ilikuwa feki. Lakini kama ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ile wataalamu wanaita PPR, dawa unaionea tu.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942. Kwetu Tanzania ulithibitishwa 2008, kule kaskazini.

Sasa sikia unavyofanya kazi. Kondoo mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, mwenzake anavuta kirusi. Kirusi hakikimbilii utumbo kwanza. Kinatafuta chembechembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Juu ya askari hao kuna protini inaitwa SLAM, na kwa kirusi hiyo ndo mlango. Kikishaingia kinazaliana kwenye tezi na bandama, kisha kinasafiri na damu mpaka mdomoni, mapafuni na tumboni. Hapo ndo unaona homa, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara.

Wakati huo askari wamepungua vibaya. Bakteria waliokuwa wanaishi kooni kimya kimya wanashuka mapafuni, nimonia inaanza. Antibayotiki inapambana na hao bakteria tu, kirusi haikigusi. Ndo maana wengine wanapona na wengine wanakufa kwa sindano ileile.

Kwa nini wadogo wanaumia zaidi? Mwanakondoo anapata kinga ya mama yake kupitia maziwa ya kwanza, dang'a. Kinga hiyo inaisha akiwa na miezi 3 hadi 4 hivi, naye bado hajatengeneza ya kwake. Na ukimchanja mapema mno, kinga ya mama inaua chanjo yenyewe! Kwa hiyo subiri afike kama miezi 4, halafu usichelewe. Chanjo ikitunzwa kwenye baridi inavyotakiwa, dozi moja inalinda angalau miaka 3.

Dunia imejiwekea lengo la kuufuta ugonjwa huu ifikapo 2030, kama ilivyofutwa sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Lakini zizi lako ni jukumu lako. Mgonjwa mtenge, bwana mifugo mwite mapema.

Wafugaji mnasemaje? Tupieni maoni hapo chini.