Kambare: Usalama wa Mlo Huanza Kabla ya Sufuria

Mvua kubwa inaponyesha na Mto Kuja kufurika, kambare huingia kwenye nyanda zilizofunikwa na maji ili kutaga mayai. Samaki huyu, anayeitwa mumi kwa Kijaluo, ni kitoweo kinachopendwa katika nyumba nyingi za Macalder na sehemu nyingine za Nyatike. Nyama yake ni laini, ina protini nyingi, na haina miiba midogo mingi inayowasumbua watoto.

Hata hivyo, Macalder ni eneo la dhahabu. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, lakini mabaki yake bado yapo na wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi katika maeneo mengi. Kwa sababu hiyo, anayepika kambare hapa ana maswali mawili ya kujiuliza ambayo mpishi wa kwingine huenda asiyafikirie: samaki huyu alivuliwa wapi, na sufuria hii ilitumiwa kwa kazi gani?

Zebaki inavyofika kwenye sahani

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga uliosagwa. Bonge linalopatikana huchomwa. Zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Maji machafu ya kuoshea mchanga yakiachwa yatiririke, huingia kwenye vijito na hatimaye mtoni. Utafiti wa ukanda wa dhahabu wa Migori uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta zebaki, risasi na aseniki katika mabaki ya machimbo na katika tope la vijito.

Ndani ya tope, bakteria hubadilisha zebaki kuwa aina yenye sumu kali zaidi ambayo viumbe huihifadhi mwilini. Wadudu wa majini huipata kwanza, kisha samaki wadogo wanaowala, kisha samaki wakubwa. Kila hatua huongeza kiwango. Kambare hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, hata mizoga, na hutafuta chakula chake chini kwenye matope. Kambare mkubwa aliyeishi miaka mingi karibu na machimbo amekuwa na muda mrefu wa kukusanya sumu hiyo.

Madhara ya zebaki kwenye samaki yalijulikana duniani kupitia mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Kenya iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023.

Hii haimaanishi kwamba samaki wote wa eneo hili ni hatari. Tafiti zilizofanywa kwenye Ziwa Victoria zilionyesha kwamba samaki wengi walikuwa na zebaki chini ya viwango vya kimataifa, huku mbuta wakubwa wakiwa na kiwango cha juu kuliko wengine. Wasiwasi mkubwa ni kwa samaki wanaotoka kwenye mashimo, mitaro na vijito vilivyo karibu na machimbo.

Wakati wa kununua au kuvua

Kambare ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa akiwa hai. Kuwa hai ni dalili kwamba bado ni mbichi, si kwamba maji alimotoka yalikuwa safi. Mnunuzi amuulize mchuuzi samaki ametoka wapi: ziwani, bwawa la kufugia, mtoni, au shimo la machimbo? Kambare wa mashimo ya machimbo asiliwe, na watoto wakatazwe kuvua humo.

Panapo chaguo, kambare wa wastani ni bora kuliko yule mkubwa aliyezeeka. Kama amekwisha kufa, nyama yake iwe imara inapobonyezwa, na matamvua yawe mekundu yasiyo na harufu mbaya.

Kumsafisha na kumpika

Kwanza, mapezi mawili ya kifuani yakatwe, kwa kuwa kila moja lina mwiba mkali unaochoma mkono. Kambare hana magamba, ila ana ute mwingi. Asuguliwe kwa chumvi au majivu safi ya kuni, kisha asuuzwe kwa maji safi. Maji ya moto yasiyochemka sana pia hukaza ute huo na kuurahisisha kukwanguliwa. Matumbo na matamvua yatolewe na kutupwa, damu iliyo kando ya uti wa mgongo ioshwe vizuri, kisha samaki akatwe vipande.

Vipande vipakwe chumvi na ndimu kwa nusu saa hivi ili kupunguza harufu ya tope, kisha vikaangwe hadi viwe vya kahawia. Kwenye sufuria nyingine, vitunguu, tangawizi na nyanya vikaangwe hadi viive, maji kidogo yaongezwe, na vipande vichemke humo kwa moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20. Samaki ameiva nyama inapokuwa nyeupe hadi ndani na kuachana na mfupa kwa urahisi. Dania iongezwe mwishoni. Mchuzi huu huliwa na ugali wa mahindi au mtama, pamoja na managu au mrenda. Wageni waulizwe kabla ya kupakuliwa: Waadventista Wasabato, kwa mfano, hawali samaki wasio na magamba.

Kuiva vizuri huua vijidudu na minyoo. Zebaki ni jambo jingine. Imeshikamana na nyama yenyewe, wala haitoki kwa kukaanga, kuchemsha, kukausha kwa moshi au kuloweka kwenye ndimu. Kumwaga mchuzi wa kwanza au kutoa ngozi hakusaidii.

Sufuria na jiko

Karai, sufuria au kikaango kilichotumiwa kuchoma dhahabu kisitumike tena kwa chakula, hata kikisuguliwa namna gani. Uchomaji huo usifanyike jikoni wala ndani ya nyumba. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huingia kwenye mapafu ya kila aliyemo na kutua kwenye kuta, vyombo na unga uliohifadhiwa. Mchimbaji anaporudi nyumbani avue nguo za kazi na kunawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Nani awe mwangalifu zaidi

Zebaki huathiri hasa ubongo unaokua. Kwa hiyo wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wadogo ndio wa kulindwa kwanza. Wao wasiache samaki, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anahitaji virutubisho vyake. Wachague omena, ambao ni wadogo na huishi muda mfupi, ngege, au kambare wa kufugwa kwenye bwawa la maji safi, na wasimfanye kambare mkubwa au mbuta mkubwa kuwa chakula cha kila siku. Familia nzima hufaidika kwa kubadilisha aina za samaki na kuchanganya na maharagwe, mayai na mboga.

Mkazi anayetetemeka mikono, kuhisi ganzi vidoleni au kuanza kuona vibaya aende kituo cha afya kilicho karibu, na amweleze mhudumu kama yeye au mtu wa nyumbani kwake hufanya kazi ya dhahabu. Anayetaka kufuga kambare, au aliye na shaka kuhusu mahali pa kuvua, apate ushauri katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo.