Uvira: ADN inatambua mnyama, lakini haioni maji yaliyotiwa katika maziwa

Bidoni ya maziwa inayoshuka kutoka milima ya Rurambo hadi mji wa Uvira hupita katika mikono mingi: mfugaji, mchukuzi, mnunuzi wa jumla, mama wa sokoni. Mteja akikuta maziwa ni mepesi, lawama inarudi kwa mfugaji. Mfugaji naye anajibu kwamba maji yalitiwa njiani. Nani anasema kweli?

Katika nchi nyingi, maabara hutumia kipimo cha ADN kufichua aina fulani za udanganyifu katika maziwa. Maziwa hubeba chembe ndogo zinazotoka katika kiwele cha mnyama, na ndani yake mna ADN yake. Njia ya PCR, ile iliyojulikana na wengi wakati wa Covid-19, huzidisha vipande vya ADN hiyo hadi vitambulike. Hivyo jibini inayouzwa kuwa ya mbuzi mtupu hugunduliwa ikiwa imechanganywa na maziwa ya ng'ombe, ambayo bei yake ni ya chini. Soya pia huacha alama.

Lakini kwa wakaaji wa Rurambo na Uvira, ADN haijibu swali lenyewe. Inasema maziwa ni ya mnyama gani, haisemi yametiwa maji kiasi gani. Bidoni ya nusu maji itatoa jibu lile lile: ng'ombe. Hata maziwa ya unga ya ng'ombe yakikorogwa ndani, jibu halibadiliki.

Hatari si ya mfuko tu. Nchini China, mwaka 2008, melamini ilitiwa katika maziwa yaliyoongezwa maji ili yaonekane mazito kwa protini. Watoto karibu 300.000 waliugua na 6 walikufa. Melamini ni kemikali, ADN isingeiona. Na Uvira, mji unaosumbuliwa na kipindupindu mara kwa mara, maji machafu katika maziwa yanaweza kuingiza ugonjwa nyumbani. Ndiyo maana kuchemsha maziwa ni lazima.

Kifaa kinachofaa zaidi ni laktometa, kijiti cha kioo kinachoelea katika maziwa bila umeme wala maabara. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 1,028 na 1,032. Yakitiwa maji, namba inashuka. Maziwa yapoe kwanza, kwa sababu joto hupotosha kipimo. Mjanja anaweza kuondoa mafuta kisha kuongeza maji ili namba irudi sawa, basi mafuta nayo yaangaliwe. Unga wa muhogo hugunduliwa kwa tone la yodi katika sampuli: rangi ikigeuka bluu nyeusi, unga umo. Sampuli hiyo imwagwe.

Faida ni kubwa zaidi ikiwa kila anayepokea bidoni anapima na kuandika namba mbele ya anayemkabidhi. Namba ikiwa nzuri Rurambo na mbaya sokoni, itajulikana maji yaliingia wapi, na mfugaji mwaminifu hatalipia kosa la mwingine.