Nyani, Kima, Tumbili na Sokwe: Matumizi ya Majina na Athari Zake kwa Uhifadhi

Msomaji wa Kiswahili akikutana na sentensi *Nyani wa Gombe wanazidi kupungua*, atamfikiria mnyama mwenye pua ndefu na mkia uliopinda, anayetembea kwa makundi na kuvamia mashamba ya mahindi. Huenda mwandishi wa sentensi hiyo alimkusudia sokwe. Wanyama hao wawili wote wanaishi katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo muktadha hautamwezesha msomaji kuligundua kosa. Tofauti yake, hata hivyo, ni kubwa. Nyani ni wengi katika Afrika Mashariki nzima, ilhali sokwe wameorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Neno moja lisilo mahali pake linaweza kumfanya mkulima, mwanafunzi au diwani aamini kwamba anayeombewa ulinzi ni yule yule aliyemla mahindi jana.

Makala haya yanaeleza majina makuu ya wanyama hao, upatanisho wake wa kisarufi, na mambo ambayo mfasiri anapaswa kuyazingatia.

Mkia kama kigezo cha kwanza

Wataalamu wa elimuviumbe huwaweka wanyama hawa wote, pamoja na binadamu, katika oda moja iitwayo primati. Magazeti hupenda kusema *jamii ya nyani*. Maneno hayo yanaeleweka, ila yana kasoro: yanalitumia jina la mnyama mmoja kuwa jina la wote, kisha msomaji hawezi kujua ni lini nyani ni nyani hasa. Katika maandishi ya kitaalamu ni afadhali kuandika *primati* na kuliacha neno *nyani* libaki na maana yake.

Ndani ya oda hiyo, kigezo kilicho rahisi kukumbukwa ni mkia. Sokwe, gorila, bonobo, orangutani na giboni hawana mkia. Nyani, kima, tumbili na mbega wanao. Mfasiri anayetafsiri kutoka Kifaransa anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa neno *singe* hujumuisha makundi yote mawili, na wanyama wasio na mkia huitwa kwa kuongezewa sifa ya ukubwa. Tafsiri ya neno kwa neno huzaa *nyani wakubwa*, ambao kwa Mswahili si kingine ila manyani yaliyonenepa.

Majina moja baada ya jingine

*Nyani.* Mnyama mkubwa wa ardhini mwenye pua iliyochongoka kama ya mbwa. Ndiye wa methali *Nyani haoni kundule*, na ndiye asemwaye kwamba ukimwona amezeeka ujue amekwepa mishale mingi. Methali hizi zinaonyesha kwamba jamii zilimfahamu nyani kwa karibu, na zilimfahamu kama mwizi wa mazao. Katika eneo la Amboseli nchini Kenya, watafiti wamefuatilia maisha ya nyani mmoja mmoja tangu mwaka 1971. Imebainika kwamba jike hubaki katika kundi alimozaliwa na hurithi hadhi ya mama yake, na dume akikua huhamia kundi jingine.

*Tumbili.* Mnyama mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi. Kwa wazungumzaji wengi wa Kenya, neno hili pia hutumika kwa jumla kuwataja wanyama wote wa namna hiyo wenye mkia. Tumbili ana nafasi ya pekee katika isimu. Utafiti wa Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler uliochapishwa mwaka 1980, nao pia wa Amboseli, ulionyesha kwamba tumbili hutoa milio tofauti kwa maadui tofauti. Wakisikia mlio wa chui hukimbilia mitini, wakisikia wa tai hutazama juu au hujificha vichakani, na wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Watafiti walicheza milio iliyorekodiwa pasipokuwa na adui yeyote, na tumbili wakafanya vivyo hivyo. Wanaisimu bado wanajadili kama milio hiyo istahili kuitwa maneno.

*Kima.* Pwani na visiwani hutumika kwa wanyama wengi wa mitini wenye mkia mrefu. Bara aghalabu humaanisha yule mwenye manyoya ya kijivu iliyokoza anayeishi msituni. Ni neno la asili la Kibantu, na Kiganda kina *enkima* kwa maana hiyo hiyo. Ndiye mhusika wa ile ngano ya kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870.

*Ngedere.* Jina lenye mipaka inayobadilika zaidi kuliko mengine. Baadhi ya wazungumzaji hulitumia kwa tumbili, wengine kwa kima mweusi. Msemo *kesi ya ngedere kumpelekea nyani* unatosha kuonyesha kwamba mzungumzaji huwaona hao wawili kuwa ndugu lakini si mmoja. Kwa sababu ya utata huo, neno hili linafaa zaidi katika fasihi kuliko katika ripoti.

*Mbega.* Mnyama wa juu mitini anayekula zaidi majani. Yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu ndiye anayejulikana zaidi. Wapo pia mbega wekundu, wakiwamo wa milima ya Udzungwa na wa Mto Tana. Mbega hana kidole gumba kinachoonekana, na jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukatwa. Huko Diani, pwani ya Kenya, madaraja ya kamba yametundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari.

*Komba.* Mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, ambaye kilio chake hufanana na cha mtoto mchanga. Naye ni primati, ingawa watu wengi hawamhesabu pamoja na wenzake.

*Sokwe.* Hapa pana maana mbili. Katika matumizi ya hifadhi za Tanzania, sokwe ni mnyama wa Gombe na Mahale, ambaye kwa msisitizo huitwa *sokwe mtu*. Katika vitabu vya elimuviumbe, *sokwe* hujumuisha jamaa wote wakubwa wasio na mkia, hata gorila. Neno linalokaribiana nalo, *soko*, limo katika shajara za mwisho za David Livingstone, ambaye alilisikia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, karibu mwaka 1870. Yeye alidhani anaelezwa gorila.

*Gorila.* Neno la mkopo lililokubalika. Nchini Rwanda mnyama huyu huitwa *ingagi* kwa Kinyarwanda, na tangu mwaka 2005 watoto wake hupewa majina katika sherehe ya taifa ya *Kwita Izina*. Gorila wa milimani, wanaoishi Rwanda, Uganda na Kongo tu, walivuka idadi ya 1,000 kwa hesabu zilizotangazwa mwaka 2018.

Upatanisho wa kisarufi

Majina haya yote hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA kwa kuwa yanataja viumbe hai, hata yasipobadilika umbo katika wingi: *sokwe huyu amejenga kiota, sokwe hawa wamejenga viota*. Maumbo *manyani* na *masokwe* hudokeza ukubwa au dharau. Hayafai katika maandishi rasmi.

Neno *kima* linahitaji uangalizi kwa sababu liko katika homonimu tatu. *Kima amekula* ni mnyama. *Kima cha chini cha mshahara* ni kiwango, nalo hupatanishwa kwa ki-. *Nyama ya kima* ni nyama iliyosagwa. Programu za kutafsiri huzichanganya maana hizi, na matokeo yake huweza kumchefua mlaji.

Msamiati wa tabia

Kueleza tabia za wanyama hawa kwa Kiswahili kunawezekana bila kukopa sana, ikiwa viambishi vya kitenzi vitatumiwa kwa usahihi. Mfano ni kitendo cha mnyama kupekua manyoya ya mwenzake. Waandishi wengi huandika *wanatoana chawa*. Neno hilo ni la kawaida na lina picha, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, kazi ya kitendo hicho si usafi peke yake. Ndiyo njia ya kufanya urafiki, kupatana baada ya ugomvi na kutafuta washirika. Pili, kiambishi -an- hudai kwamba kila mmoja anamtendea mwenzake, ilhali mara nyingi mdogo humsafisha mkubwa naye mkubwa hajibu. Panapokuwa na upande mmoja tu iandikwe *anamsafisha manyoya*. *Wanasafishana* ibaki kwa tendo la pande mbili.

Tofauti ya namna hiyo ni muhimu katika kueleza utafiti. Sokwe wa Mahale wakati mwingine husafishana huku kila mmoja akiinua mkono mmoja na kushikana na mwenzake juu ya vichwa vyao. Desturi hiyo ilielezwa na watafiti miaka ya 1970, na sokwe wa Gombe, walio kando ya ziwa lile lile, hawakuonekana wakiifanya. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba sokwe wana utamaduni: tabia inayojifunzwa na kutofautiana kutoka kundi hadi kundi.

Kitenzi *kuvua* nacho kimepata kazi mpya. Mwaka 1960, Jane Goodall alimwona sokwe wa Gombe akichomeka bua katika kichuguu, akalivuta likiwa na mchwa, akawala. Sokwe pia walionekana wakichuma vijiti na kuvitoa majani kwanza, yaani walitengeneza zana. Kabla ya hapo, kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa alama ya binadamu peke yake. *Kuvua mchwa* ni tafsiri nzuri kwa kuwa inabeba subira na ustadi wa mvuvi.

Neno *kiota*, ambalo wengi hulifunga kwa ndege, linafaa kwa sokwe. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi na kujitengenezea kiota kipya mtini. Mtoto hulala na mama yake kwa miaka kadhaa. Watafiti huhesabu viota ili kukadiria idadi ya sokwe wasioonekana kwa urahisi. Mfasiri akiandika *vitanda*, msomaji hatajua kinachohesabiwa.

Jina linapodhuru

Ugonjwa ulioitwa *homa ya nyani* katika vyombo vingi vya habari ni mfano wa jina lenye makosa mawili. Si homa bali ni ugonjwa wa jamii ya ndui, na hautokani na nyani. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1958 katika maabara nchini Denmark, katika miili ya makaki walioletwa kutoka Asia; mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alithibitishwa Kongo mwaka 1970. Wanasayansi wanaelekea kuamini kwamba wanyama wanaovihifadhi virusi hivyo ni jamii ya panya na kindi. Mwaka 2022, ugonjwa ulipoenea, watu nchini Brazil waliwapiga mawe na kuwapa sumu wanyama wasio na hatia. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina *mpox*. Mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kuendelea na jina la zamani, hasa vijijini ambako nyani tayari ana maadui wengi.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika. Sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu, yakiwamo mafua na polio, ambayo ilihusishwa na vifo na ulemavu wa sokwe wa Gombe mwaka 1966. Ndiyo sababu mgeni hutakiwa kukaa mbali nao, na huko Mahale huvaa barakoa. Maelekezo kwa wageni yakiandikwa *usiwasogelee, wana magonjwa*, yamegeuza maana: anayelindwa kwanza ni sokwe.

Majina ya wenyeji

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama aitwaye *kipunji*. Baadaye walimwona, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi. Uchunguzi wa mnyama mmoja aliyenaswa na mtego wa mkulima katika shamba la mahindi ulisaidia kuonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Jina la wenyeji likawa jina la kisayansi. Kisarufi, kipunji hufuata njia ya kiboko: *kipunji huyu, vipunji hawa*.

Unguja yuko *kima punju*, mwekundu mgongoni, asiyepatikana kwa asili nje ya visiwa vya Zanzibar. Wengi hulihusisha jina lake na sumu, na zamani watu walimwogopa kwa hilo. Ni kweli kwamba hula majani yenye kemikali kali, na imeonekana kwamba hula mkaa, unaosaidia kupunguza makali yake. Leo ndiye kivutio kikuu cha Hifadhi ya Jozani.

Mapendekezo

Mfasiri aanze kwa kuuliza kama mnyama ana mkia. Akiwa hana, aandike *sokwe*, *gorila* au *bonobo*, wala asitumie *nyani*. Anapotaja sokwe wa Gombe au Mahale katika matini yenye gorila pia, atumie *sokwe mtu*. Neno *primati* litumike kwa oda nzima. Pale ambapo jina hutofautiana kati ya mahali na mahali, kama *kima* na *ngedere*, aongeze sifa moja inayoonekana: rangi, ukubwa au makazi.

Sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu inayopakana na vijiji au kumilikiwa navyo. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji hivyo huandikwa na kujadiliwa kwa Kiswahili. Mjumbe wa mkutano anayesoma *nyani* na anayesoma *sokwe* hawapigii kura jambo moja.