Mchezaji mkongwe: kumuongezea kontra ao kumuuza?



Kila ekipe inaposhuka, mabishano yanakuwa yale yale. Mmoja anasema kwa nguvu: "Wazee watoke, muweke vijana!" Mwenzake anajibu: "Ukiondoa yaya, nani ataonyesha wadogo njia?" Kisha hapo ni kelele tu. Hakuna anayemshinda mwenzake, kwa sababu wote wawili wanahesabu miaka ya mtu, na miaka peke yake haitoi jibu. Mimi nilisoma agronomi, si mambo ya mpira. Lakini swali la kujua lini uachane na kile kilichokulisha jana, sisi watu wa shamba tunalijua vizuri. Leo nataka tulipange pole pole, kwa mfano wa kweli ambao wengi wenu muliufuata: Clatous Chama na Simba ya Dar es Salaam.

Kwanza tuelewane. Ekipe inayojengwa upya ni ile iliyokubali kwamba ya leo haitoshi, na inafanya kazi kwa ajili ya kesho. Ekipe inayotafuta kombe mwaka huu inauliza: "Huyu mchezaji ni mzuri?" Ile inayojengwa upya inapaswa kuuliza: "Siku tutakuwa tayari, huyu atakuwa bado mzuri?" Ukiona utakuwa tayari kisha miaka miwili ao mitatu, mtu wa miaka 33 utamhesabu akiwa na 35 ao 36. Haina maana kwamba hafai. Ina maana kwamba hesabu yake si ya leo.

Sasa turudi kwa Chama. Alifika Simba mwaka 2018 akitoka Zambia. Sisi Wakongomani tunamkumbuka kwa uchungu: tarehe 16 Machi 2019, Dar es Salaam, dakika za mwisho kabisa, yeye njo alifunga bao la 2-1 lililotoa AS Vita Club na kuingiza Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Bahati nzuri TP Mazembe ikatufuta machozi mwezi uliofuata: 0-0 Dar es Salaam, kisha 4-1 Lubumbashi. Mwaka 2021 Simba ilimuuza kwa RS Berkane ya Maroko, na Januari 2022 akarudi.

Msimu wa 2023/24 Simba ilimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Viongozi wakaamua kubomoa na kujenga upya. John Bocco, kapteni wa miaka mingi, akaondoka. Saido Ntibazonkiza wa Burundi akaondoka. Beki wetu Henock Inonga akaenda AS FAR ya Maroko. Chama naye kontra yake ikafika mwisho, akiwa ametimiza miaka 33 mwezi ule ule wa Juni. Simba na yeye hawakufikia kontra mpya. Tarehe 1 Julai 2024, Yanga, watani wao wa jadi, ikamtangaza kuwa mchezaji wake. Simba haikupata hata shilingi moja.

Je, Simba ilikosea? Tuangalie kilichofuata. Kwenye nafasi ya Chama, ile ya kupanga mashambulizi, ikaleta kijana wa Côte d'Ivoire, Jean Charles Ahoua, wa miaka 22. Msimu huo huo wa 2024/25 Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Simba ikapanda hadi nafasi ya pili, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilipoteza mbele ya Berkane: 2-0 kule Maroko, 1-1 Zanzibar. Chama alibeba ubingwa wa Tanzania na Yanga, lakini kisha msimu mmoja tu akaenda Singida Black Stars.

Mimi nasema hivi: kumuacha Chama ilikuwa sawa. Namna alivyoondoka haikuwa sawa. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi wanayachanganya. Ili kuyatenganisha, tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: kontra yake inaisha lini? Hili njo swali ambalo masupota hawaulizi, na viongozi wengi wanaliuliza wakiwa wamechelewa. Tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 huko Ulaya, mambo yalibadilika: mchezaji ambaye kontra imeisha ni huru, ekipe yake ya zamani haiwezi kudai makuta ya kumuuza. Na kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji, kontra ikibakiza miezi sita, aanze kusaini na ekipe ingine. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuamua si siku kontra inaisha. Ni mwaka mmoja mbele yake. Ukifika miezi sita ya mwisho bila kuamua, yeye njo ameshika kisu, wewe umeshika makali.

Simba iliishi jambo hili mara mbili. Mwaka 2025, kapteni Mohamed Hussein, ambaye watu wanamuita Tshabalala, alimaliza kontra kisha miaka 11 ndani ya Simba, naye akaenda Yanga. Sasa linganisha na Yanga yenyewe na kijana wetu Fiston Mayele. Yanga ilimchukua kutoka Vita Club mwaka 2021. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 kwenye ligi na kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho. Alikuwa juu kabisa, ametimiza miaka 29. Hapo hapo, kontra ikiwa bado ina uzito, Yanga ikamuuza kwa Pyramids ya Misri. Masupota walilia. Lakini msimu uliofuata Yanga ilibeba ubingwa tena na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21. Na Mayele mwenyewe? Mwaka 2025 alifunga kwenye fainali na kubeba Ligi ya Mabingwa na Pyramids. Pande zote zilikula. Ile njo maana ya kuuza kwa wakati.

Huko Marekani na Kanada, kwenye hoki ya barafu, wamefanya jambo hili kuwa desturi. Ekipe dhaifu yenye mkongwe ambaye kontra yake inaisha, inambadilisha mbele ya tarehe ya mwisho ya msimu: inampa kwa ekipe inayotafuta kombe, nayo inapata vijana ao haki ya kuchagua vijana wapya. Kwetu kwenye mpira wa miguu hakuna haki kama hiyo ya kuchagua. Kuna makuta tu, na makuta yanapatikana kontra ikiwa bado hai.

Swali la pili: nani anakua chini yake? Hapa muniruhusu niingie shambani. Kwetu Maniema kila mtu anajua mngazi. Mti mchanga unaanza kuzaa kisha miaka mitatu hivi shambani, unapanda, unafika kilele, na kisha miaka kama 25 unakuwa mrefu sana: kupanda kukata mikungu ni hatari na mavuno yanashuka. Mkulima ambaye anakata mingazi yote siku moja analala njaa miaka mitatu. Mkulima ambaye hakati hata mmoja anazeeka pamoja na shamba lake. Ile njia ya katikati ni kupanda michanga kati ya wazee, halafu kupunguza wazee hatua kwa hatua. Lakini kuna sharti: ukiacha kivuli cha wazee muda mrefu, michanga inarefuka, inakuwa miembamba ikitafuta mwanga, na haizai vizuri.

Mchezaji mkongwe ana faida na ana kivuli. Kama chini yake hakuna kijana, kumuondoa ni kujiletea njaa. Muongezee mwaka, na mwaka huo utafute kijana. Kama kijana yuko tayari na anakaa kwenye banki kwa sababu ya heshima ya mzee, basi kivuli kimezidi. Ahoua angekuwa kwenye Simba moja na Chama, nani angepewa mpira? Katika ile nafasi ya kati, ekipe inazunguka juu ya mtu mmoja. Mwanga usingemfikia.

Swali la tatu: anafanya kazi gani, na kwa kontra ya namna gani? Nafasi hazizeeki sawa. Golikipa anaweza kudumu. Robert Kidiaba alizaliwa tarehe 1 Februari 1976. Mwaka 2010, akiwa na miaka 34, alikuwa golini wakati TP Mazembe ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ile tuliyopoteza 3-0 na Inter ya Italia. Mwaka 2015, siku chache kisha kutimiza miaka 39, alikuwa golini Leopards waliposhinda Guinea ya Ikweta kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu ya CAN. Nani angesema wakati huo "mzee atoke"? Na Simba yenyewe haikufagia wote: beki Shomari Kapombe, aliyezaliwa mwaka 1992, alibaki ndani ya ekipe mpya.

Kwa hiyo kumuongezea mkongwe kontra inawezekana hata kwenye ekipe inayojengwa upya, ila iwe fupi, mwaka mmoja ao miwili, na kazi yake itajwe waziwazi: "Yaya, hautacheza mechi zote. Utacheza hizi, na huyu mdogo utamfundisha." Akikubali, umepata mchezaji na mwalimu. Akikataa, ni haki yake, mushikane mikono na umtafutie ekipe wakati muda bado uko. Mubaya ni kumpa kontra ya miaka mitatu kwa shukrani ya zamani. Shukrani utatoa kwa sherehe na kwa zawadi. Kontra inalipa kazi ya kesho.

Pengine utauliza: "Haya yanahusu nini Wamaza?" Yanatuhusu sana. AS Maniema Union ya Kindu ni ekipe ya jimbo letu. Msimu wa 2024/25 ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Na mwaka 2023 Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union kwenda Yanga. Ekipe kama hii inajengwa upya karibu kila mwaka, kwa sababu wazuri wanaondoka. Haitaweza kuwazuia. Inachoweza ni kuchagua lini waondoke, na na karatasi gani.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawajui. Kanuni za FIFA zinasema: mchezaji akiuzwa kwenda nchi ingine kontra yake ikiwa haijaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa ekipe zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka wa 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Na haijalishi ameuzwa akiwa na miaka 20 ao 31. Tufanye hesabu: mchezaji akiuzwa dolare 100,000, ekipe iliyomlea miaka minne, tangu 12 hadi 15, ina haki ya dolare 1,000. Kwa ekipe ya mtaa, ile ni mipira, viatu na safari za msimu mzima. Lakini mkongwe akiondoka bure, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kiongozi anayelala kule juu anamnyang'anya hata mwalimu wa watoto huku chini.

Na ili makuta yafike, lazima ekipe iwe imeandikishwa kwenye shirikisho, na jina la mtoto liwe kwenye karatasi tangu mwaka alioanza. Tangu 2022 FIFA inapitisha malipo haya kwenye ofisi yake moja, ikifuata pasipoti ya mchezaji inayoonyesha ekipe zote alizopitia. Ekipe isiyoandikwa haipo. Wengi wetu tuna lisansi na tunatafuta kazi. Ekipe nyingi za mitaa zina antrenere na hazina mtu wa kuandika. Mtu mmoja anayejua kuweka daftari, kusoma kontra na kufuata tarehe anaweza kuokoa zaidi kuliko mfungaji wa mabao 16.

Tusisahau mchezaji mwenyewe. Kwa mtu wa miaka 33, kontra moja ya mwisho ni nyumba ya watoto wake. Kumuambia ukweli mwaka mmoja mbele ni heshima, maana anapata muda wa kujipanga. Kumchekea hadi Juni halafu kumfungia mlango ni kumkosea, hata ukimuimba jina uwanjani.

Kwa hiyo siku ingine mabishano yakianza, usiulize kwanza mtu eko na miaka mingapi. Uliza kontra inaisha lini, nani anakua chini yake, na siku ekipe itakuwa tayari yeye atakuwa wapi. Ukipata majibu hayo matatu mwaka mmoja mbele ya mwisho wa kontra, kumuongezea ni sawa na kumuuza ni sawa. Kungoja tu njo kosa.