Waefeso 6:4: Mstari unaomgeukia mzazi

Mtoto akikataa kutumwa dukani au akijibu kwa kiburi, mzazi Mkristo huwa na mstari wake karibu: Waefeso 6:1, unaowaagiza watoto kuwatii wazazi. Watoto wengi huufundishwa mapema na kuukariri. Mstari wa nne wa sura hiyohiyo, unaomgeukia mzazi, husikika nyumbani mara chache zaidi.

Una sehemu mbili. Kwanza ni katazo: baba asimchokoze mwanawe. Kisha ni agizo: amlee kwa adabu na maonyo. Kwa Kiswahili unaonekana mwepesi, na ni rahisi kuupita. Lakini waraka huo uliandikwa kwa Kigiriki, na mzazi akitazama maneno ya awali atakuta mambo ambayo tafsiri yoyote, hata iliyo nzuri, hushindwa kuyabeba yote.

Kuchokoza kunakozidi utani

Katika Kiswahili cha kila siku, kuchokoza kunaweza kuwa jambo dogo. Watoto huchokozana wakicheza. Neno la Kigiriki lililotumika hapa ni "parorgizo", na ndani yake mna "orge", yaani hasira. Maana yake ni kumtia mtu hasira. Umbo la kitenzi hicho katika mstari huu huelekea zaidi kwenye tabia inayoendelea kuliko kosa la siku moja.

Neno la ukoo huohuo limo katika Waefeso 4:26, palipoandikwa kwamba jua lisizame mtu akiwa bado nayo. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, inayosomwa katika makanisa mengi, imeliita hapo "uchungu". Basi mtoto anayezungumziwa ni yule anayelala na uchungu, akiamka anao.

Wakolosai 3:21 nao unawaonya akina baba, na Biblia hiyohiyo imetumia tena kuchokoza. Kigiriki chake ni kingine: "erethizo", yaani kumchochea mtu. Paulo analitumia pia kwa wema katika 2 Wakorintho 9:2, ambapo bidii ya kanisa moja imewachochea wengine kutoa. Kwa mtoto, mwisho wa kuchochewa vibaya umetajwa wazi: "athymeo", kuvunjika moyo. Katika Agano Jipya lote kitenzi hicho kimetumika hapo tu.

Ukiisoma mistari hiyo miwili pamoja, unaona njia moja. Mtoto anayelinganishwa kila siku na wa jirani, anayechekwa mbele ya wageni kwa matokeo yake ya mtihani, au anayeadhibiwa kabla ya kuulizwa, huanza kwa hasira. Baadaye hasira hupoa na mtoto huacha kujaribu. Mzazi anaweza kudhani ametulia, kumbe amekata tamaa.

Kulea ni kulisha

Sehemu ya pili ya mstari ina neno "ektrepho", ambalo Kiswahili kimelitafsiri kulea. Katika Agano Jipya linapatikana mara mbili tu, na zote zimo katika waraka huu. Mara ya kwanza ni Waefeso 5:29, kuhusu mtu na mwili wake mwenyewe. Hapo Biblia ya Union imesema kulisha.

Hakuna anayeulisha mwili wake mara moja kwa mwezi, wala anayeunyima chakula ili uwe na adabu. Neno hilohilo, sura moja baadaye, linamhusu mtoto. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Kigiriki hiki kinakaa vizuri na methali hiyo.

Adabu na maonyo

Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza. Neno lililotafsiriwa adabu ni "paideia", lenye mzizi mmoja na "pais", mtoto. Kitenzi chake katika Matendo 7:22 kinaeleza jinsi Musa alivyoelimishwa hekima ya Wamisri. Lakini katika Luka 23:16 Pilato analitumia akimaanisha kumwadhibu Yesu kabla ya kumwachilia. Neno moja linaanzia darasani na kufika kwenye mjeledi.

Kwa hiyo anayesema Kigiriki kinaamuru fimbo hapa amezidisha, na anayesema kinaipiga marufuku naye amezidisha. Mstari wa fimbo unaotajwa mara nyingi, Mithali 13:24, ni wa Agano la Kale na uliandikwa kwa Kiebrania. Katika Waefeso, maana ya "paideia" inapaswa kupimwa kwa maneno yanayoizunguka: upande mmoja katazo la kutia hasira, upande mwingine kulisha.

Maonyo ni "nouthesia", neno lililoundwa kwa "akili" na "kuweka". Ni kumwambia mtu jambo mpaka limwingie akilini. Upole huu hauna maana ya kuachia. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, kosa la kuhani Eli katika 1 Samweli 3:13 ni kwamba hakuwaonya wanawe, na kitenzi ni cha ukoo huu. Mzazi anayenyamaza ili apendwe naye ameuvunja mstari.

Je, ni baba peke yake?

Mstari wa kwanza unatumia "goneis", wazazi wote wawili. Wa nne unabadili na kusema "pateres", akina baba. Neno hilo linaweza pia kuwa na maana ya wazazi: Waebrania 11:23 inalitumia kwa wazazi wa Musa waliomficha. Wataalamu hawajakubaliana.

Wanaosisitiza baba wana hoja ya historia. Efeso, katika Uturuki ya leo, ilikuwa chini ya Roma. Sheria ya Kirumi ilimpa baba mamlaka juu ya watoto hata wakiwa watu wazima, maadamu yu hai. Ndiye aliyeamua kama mtoto mchanga atalelewa au atatupwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa kuna jambo asilolifanya kwa mtoto. Mama naye akiona neno linamgusa, hajakosea.

Namna ya kujifunza nyumbani

Mzazi asiyejua Kigiriki anaweza kuanza kwa kusoma mstari katika tafsiri mbili au tatu. Zinapotofautiana, hapo pana neno la kuchunguza. Programu nyingi za Biblia za simu zina namba za Strong, mfumo uliotolewa na James Strong mwaka 1890, unaolipa kila neno la awali namba yake. "Paideia" ni 3809. Ukiifuata namba, utaona mahali pengine neno lilipotumika. Usichague maana inayokupendeza katika orodha ya kamusi. Soma sura nzima, nayo itakuonyesha ipi inafaa.

Kisha somo lirudi mezani. Familia inayosoma pamoja inaweza kuanzia mstari wa kwanza na kufika wa nne bila kukatisha, na mtoto aulizwe ni nini humtia uchungu nyumbani. Mzazi asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.