Saratani ya sinasi: Tiba ikiisha, kliniki haijaisha

MFANYABIASHARA akimaliza matibabu ya saratani, akili yake hukimbilia sokoni. Madeni yanamngoja, wateja wamehamia kwa jirani na mzigo umelala Namanga au Mutukula. Lakini kwa aliyeugua saratani ya sinasi, yaani vijumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, haraka hiyo inaweza kumgharimu maisha.

Saratani hii ni nadra, ila ina tabia ya kurudi. Mara nyingi huota palepale ilipoanzia, hasa katika miaka 2 ya mwanzo baada ya tiba. Sinasi zimepakana na macho na ubongo, hivyo daktari hawezi kukata kwa upana atakavyo. Chembe chache zikinusurika kisu na mionzi, ugonjwa huanza upya.

Ndiyo maana mgonjwa hupangiwa kliniki za karibu karibu mwaka wa kwanza, kisha huachanishwa taratibu hadi mwaka wa 5 na kuendelea. Huko hupitishwa kamera nyembamba puani, na inapohitajika hupigwa picha ya CT au MRI.

Hatari ni kwamba dalili zake hufanana na mafua ya safarini: pua kuziba, kutoka damu au makamasi yenye harufu. Tofauti ni kwamba hung'ang'ania upande mmoja. Shavu likifa ganzi, meno ya juu yakilegea, jicho likitokeza au ukiona vitu viwili viwili, usinunue dawa duka la mpakani. Rudi hospitali, usingoje tarehe ya kliniki.

Wanaopasua na kuranda mbao wajihadhari zaidi. Tangu 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Aliyepona asirudi karakanani bila barakoa inayozuia vumbi.

Kama unavyobeba cheti cha uasili wa bidhaa, beba pia muhtasari wa matibabu, majibu ya kinyama na picha zako za awali. Upasuaji na mionzi hubadilisha sura ya ndani ya pua. Daktari wa Ocean Road, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda atahitaji picha ya zamani ili ailinganishe na mpya. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, huenda ukaondolewa tena. Ukichelewa, mara nyingi hubaki kutulizwa maumivu tu.