Mialoni Elfu Saba ya Kassel

Mwaka 1982, wageni waliokwenda mjini Kassel, Ujerumani, kutazama maonyesho ya sanaa yaitwayo documenta, walikuta mbele ya jumba la Fridericianum lundo la mawe ya basalti, 7,000 kwa hesabu, yamebwagwa uwanjani. Aliyeyaleta, Joseph Beuys, alikuwa ameweka sharti: jiwe lolote lisiondoke pale ila kwa kwenda kusimikwa kando ya mti uliopandwa mjini.

Kwa maoni yangu, sanaa yenyewe ilikuwa sharti hilo, wala si jiwe wala mti; kwani kupanda mti mmoja kando ya njia kulitaka idhini ya baladia, ridhaa ya majirani walioziona nafasi za magari yao zikipungua, na mfadhili wa kutoa marki 500; na kila yalipotimia hayo, lundo lilipungua kwa jiwe moja, hata mpita njia akaweza kujua, pasipo kuuliza, kazi imefika wapi. (Licha ya jina la kazi hiyo, si miti yote iliyokuwa mialoni.) Fedha nazo zilipopunguka, Beuys hakuona haya: alitokea katika tangazo la wiski ya Kijapani, na hadharani akaiyeyusha nakala ya taji la Mfalme Ivan wa Urusi, dhahabu yake akaisubu sungura.

Waliomjua darasani hawakuwa na la kustaajabu. Tangu 1961 alikuwa profesa wa uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Düsseldorf, naye, akiitakidi kwamba kila mja amejaaliwa kipaji cha kuumba, aliwapokea hata wale waliokataliwa na chuo. Mwaka 1972 akaikalia ofisi ya chuo pamoja nao, na serikali ikamfuta kazi. Picha ya siku ile yamwonyesha akipita baina ya safu za polisi, kofia yake kichwani, akitabasamu.

Alifariki Januari 1986, lundo likiwa lingalipo. Mwaka uliofuata mwanawe, Wenzel, akaupanda mti wa mwisho kando ya ule wa kwanza. Mawe yale, ambayo zamani yaliwiana kimo na miche au kuizidi, sasa yafika kiunoni tu mwa mtu chini ya miti mikubwa, na kupogoa matawi kumebaki juu ya mji.